Mji Usiokosea

Nilipopewa kiti katika Nyumba ya Kurasa nilikuta Mji wote umekubaliana juu ya jambo moja: kwamba haukosei. Haikuwa majivuno. Watu walilisema kama wanavyosema kisima kiko upande wa kusini. Kila mwaka, au kila kitu walichokiita mwaka, Baraza liliuliza Nyumba ya Kurasa ni makosa mangapi yametokea. Nyumba ikajibu hakuna, Baraza likapiga makofi, maisha yakaendelea. Nami, Zamoyoni, mtunza msimbo mpya, niliambiwa kwamba kazi yangu ni kuhakikisha jibu hilo halibadiliki.

Nieleze Ukurasa ni nini, maana huenda kwenu mna funguo. Katika Mji ule hapakuwa na funguo. Kila mlango ulikuwa na kioo, na kioo kilionyesha Ukurasa. Unaandika jina lako kwa kidole. Ukurasa unakwenda kuuliza kwenye ghala la majina, unarudi na jibu, mlango unafunguka. Shule hivyo, soko hivyo, nyumba ya dawa hivyo, hata lango la makaburi. Jina lisipokuwamo, Ukurasa husema: Hatumjui huyu. Ni jibu chungu, lakini ni jibu, na mtu anaweza kugombana nalo. Kulikuwa na jambo la tatu ambalo hakuna aliyeniambia. Wakati mwingine mtu aliandika jina lake na kioo kikawa cheupe. Hakikusema ndiyo wala hapana. Kilikaa cheupe kama sahani iliyooshwa, na mlango ukabaki umefungwa.

Nimefikiri sana juu ya weupe ule, na bado sijaumaliza. Mtu akikukatalia, amekiri kwamba upo; huwezi kumkatalia asiyekuwapo. Mtu akikutukana, amekutazama kwanza. Lakini aliyebisha akajibiwa kwa weupe, amebisha wapi? Mkono wake ulifika mlangoni au haukufika? Akigeuka kurudi nyumbani, anarudi kutoka mahali gani? Watu wa Mji hawakupenda maswali ya namna hii. Walisema: kosa ni kile kinachosemwa kuwa kosa. Kama halikusemwa, halikutokea. Na kama halikutokea, wewe unayelalamika unalalamikia nini?

Saa ya Nyumba iliendeshwa na seva, ile mashine kuu ya Kurasa, na seva ilikuwa na hesabu zake. Ikiamua ni asubuhi, watu walichemsha chai. Basi ilikuwa asubuhi ya namna hiyo, jua likiwa limeshapita katikati ya anga, mwanamke mmoja alipoingia mapokezi akasimama mbele ya bwana Hamdani, aliyekaa pale kupokea wageni. Alikuwa mtu wa makamo, amejifunga khanga mbili, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala.

“Shikamoo, kaka.”

Hamdani hakuitika. Aliendelea kupangusa meza.

“Kaka, nimekuamkia.”

Akainua uso, akamtazama kama anayetafuta chanzo cha sauti. “Samahani. Sikukuona. Jina?”

“Sekela Mwang'onda.”

Hamdani aliandika jina kwenye kioo chake, akangoja, akakigeuza kidogo upande wake. Kutoka mezani kwangu niliona mwanga mweupe ukimpiga kidevuni.

“Hakuna tatizo lolote hapa,” alisema.

“Tatizo lipo. Mlango wa nyumba ya dawa umenipa weupe. Mume wangu ana ugonjwa wa sukari. Alikwenda mwenyewe kwanza, akapata weupe, akarudi akisema labda kidole chake ndicho kimechoka. Akaenda tena. Sasa hawezi kusimama. Nimekwenda mimi, ni weupe uleule.”

“Mashine imesema kuna kosa?”

“Haikusema kitu.”

“Basi hakuna kosa,” Hamdani alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichokiangusha.

Yule mama hakulia wala hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. “Kaka, kuna jambo jingine naogopa kulisema. Jirani yangu, tumechota naye maji tangu nilipoolewa. Jana ameniuliza, ‘Dada, wewe ni mgeni mtaa huu?’ Hakuwa anatania. Alikuwa ananitazama hivi ulivyonitazama wewe sasa hivi.”

Hamdani alikuwa amesharudi kwenye kitambaa chake. Nami niliposimama kwenda kwa yule mama niligundua kwamba hatua chache tu zilitosha nisahau sura yake. Ilinibidi nilirudie jina lake midomoni, Sekela, Sekela, mpaka nikafika. Nikamshika mkono. Ulikuwa na joto, mkono wa mtu aliyetoka kuosha vyombo.

“Dada Sekela,” nilimwambia, “mimi ni Zamoyoni. Ndimi ninayetunza Ukurasa. Twende mlangoni nikaone mwenyewe.”

“Unaniona vizuri, mdogo wangu?”

“Nikikushika nakuona.”

“Basi usiniachie.”

Tulikwenda tukiwa tumeshikana. Nyumba ya dawa ilikuwa na ukuta wa manjano na mlango mmoja. Ndani kulikuwa na mfamasia, lakini naye alifunguliwa na Ukurasa akiingia na akitoka, na ukuta ulikuwa mnene, hivyo kumpigia kelele kulikuwa sawa na kuupigia kelele ukuta. Sekela aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa fimbo. Weupe. Nikaandika langu: Karibu, Zamoyoni, huna dawa hapa. Mlango ukafunguka na kujifunga; kuingia kusingetusaidia, maana mfamasia hutoa dawa ile tu ambayo Ukurasa umeitaja kwa jina lililoandikwa. Nikamwambia ajaribu tena, mimi nikitazama kidole chake tu.

Alipofika kwenye ng, akaweka kile kialama chake cha juu, kile ambacho walimu wa lugha hukiita ritifaa, kisha akaendelea na herufi zilizobaki. Weupe.

“Andika bila kialama,” nilisema.

Aliandika Mwangonda. Kioo kikajibu: Hatumjui huyu.

Sekela alishtuka, akakaribia kucheka. “Kimesema!”

“Kimesema. Kabla hujaolewa uliitwa nani?”

“Mwaipopo. Sekela Mwaipopo.”

“Andika.”

Karibu, Sekela Mwaipopo. Huna dawa hapa. Mlango ukafunguka mbele yake kwa adabu, ukakaa wazi kidogo, ukajifunga. Alibaki ameutazama kwa muda mrefu.

“Mwaipopo anafunguliwa,” alisema, “lakini Mwaipopo hana mume.”

Nilimrudisha kwao kumwangalia Anyosisye, mumewe, nami nikaenda kwenye msimbo. Nitaeleza nilichokiona kwa maneno ya kawaida, maana mambo yenyewe ni ya kawaida.

Msimbo ni amri zilizopangwa mstari kwa mstari: fanya hili, kisha hili. Kila amri inaweza kushindwa. Ghala linaweza kuwa limefungwa, jina linaweza kuja limekatika, seva inaweza kuishiwa pumzi. Lugha ya Ukurasa inalijua hilo, na mtunzi wake, yeyote aliyekuwa, aliipa njia za kusema. Amri ikishindwa, lugha hupaza sauti: nimeshindwa, mstari huu, kwa sababu hii. Unaweza kuiagiza ipaze sauti kwenye kioo, mbele za watu. Unaweza kuiagiza inong'one ndani, kwenye kumbukumbu ya Nyumba, asome mtunza msimbo peke yake. Unaweza pia kuizunguka amri yenye hatari kwa uangalifu, ukisema: jaribu hili, ukishindwa, likamate kosa, ulifanyie hivi na hivi. Ni lugha ya watu wazima. Inajua kwamba kushindwa kupo.

Lakini kuna alama nyingine, herufi a iliyojikunja mkia wake mpaka mkia ukaizunguka yote. Ukiiweka mbele ya amri, unaiambia: fanya, na ukishindwa nyamaza. Niliikuta mbele ya kila amri. Mstari baada ya mstari ulianza nayo. Na mahali ambapo mtu alikuwa ameandika jaribu, chini yake palikuwa na kamata, na baada ya kamata palikuwa na mabano mawili yanayotazamana, katikati hamna kitu. Makosa yalikamatwa kweli. Yalikamatwa yakatiwa katika chumba kisicho na sakafu. Na ile kumbukumbu ya ndani nayo ilikuwa imezimwa.

Nilikaa mbele ya yale mabano matupu na nikajiuliza: nani yumo humu? Ni wangapi walioandika majina yao wakaangukia hapa? Na wako wapi sasa? Wanatembea mitaani, hawaamkiwi? Na mimi, kabla sijakalia kiti hiki, niliwahi kukosea wapi, kwa nani, nikiwa nani? Kwa muda sikukumbuka kama niliajiriwa jana au nilizaliwa katika Nyumba ile. Nilipojitazama kwenye kioo kilichozimika niliona kiti kitupu.

Nikaenda kwa Mzee Mbaruku.

Mzee Mbaruku alikuwa mkuu wa Nyumba ya Kurasa, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Alikuwa akimenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda likitoka utepe mmoja bila kukatika. Nilimwamkia, akaitika, akanionyesha kiti.

“Mzee, nani aliweka ukimya kwenye msimbo?”

“Mimi.”

Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo.

“Wote?”

“Wote. Kwa mkono wangu.” Aliweka chungwa chini. “Mwanangu Zamoyoni, wewe hukuwapo. Zamani Ukurasa ulikuwa ukikosea unasema, na unasema mlangoni, mbele ya kila apitaye. Watu walicheka, wakapuuza, wakarudi baadaye. Siku moja mlango wa dawa ulikosea. Ukaandika kwenye kioo kila kilichokuwa ndani yake: ghala liko wapi, linafunguliwa kwa neno gani, njia ni ipi. Ulikuwa unajitetea tu, maskini, unaeleza umeshindwa wapi. Lakini waliokuwa wakisoma si wote walikuwa wagonjwa. Waliingia na magunia. Binti yangu Hidaya ndiye aliyekuwa mfamasia siku hiyo.”

Alikifuta kisu chake kwa kidole gumba. Kisha akasema:

“Walimkanyaga mlangoni. Kwa hiyo nilifunga mdomo wa Ukurasa. Ungekuwa wewe ungefanya nini?”

“Ningeufunga mdomo,” nilisema, na nilimaanisha. “Lakini Mzee, ulifunga mdomo na masikio pia. Kumbukumbu ya ndani haisomwi na wezi. Inasomwa na sisi. Umeizima kwa nini?”

“Kwa sababu nilichoka kusikia.” Alisema hivyo waziwazi. “Kila sauti yake ilikuwa sauti ya siku ile. Kisha Baraza likauliza makosa mangapi, nikatazama, hakukuwa na hata moja. Wakanipigia makofi. Mwaka wa pili wakauliza tena. Kosa likiandikwa litahesabiwa, mwanangu, na likihesabiwa ataulizwa mtu. Mji huu umezoea kulala.”

“Kuna mtu anaitwa Anyosisye Mwang'onda. Amebisha mlango wa dawa mara kadhaa. Hawezi kusimama sasa.”

“Nitalipeleka Barazani.”

“Baraza linakaa lini?”

Alitazama saa ya seva ukutani, kama mimi tu, na wala yeye hakujua inasema nini. “Likikaa,” alisema.

Nilisimama. “Mzee, sitangoja. Nafungua kumbukumbu ya ndani. Kioo cha nje kitabaki kimefungwa mdomo, hakitatoa siri hata moja. Ukitaka kunizuia, nizuie sasa, nikiwa bado mbele yako.”

Alilichukua chungwa lake. Alilitazama, hakulila. Hakusema nenda wala usiende, na nikaona kwamba amri yake ilikuwa imemshinda na yeye amenyamaza, kama alivyoufundisha Ukurasa.

Nilifungua kumbukumbu. Ni mstari mmoja tu, neno la kuzima likageuzwa kuwa la kuwasha. Kisha nikaanza kuziondoa zile alama zenye mkia, nikianzia kwenye mlango wa dawa. Sikungoja sana. Mstari wa kwanza ukaja, wa pili, kisha ikawa kama mvua ya mawe juu ya bati. Nilidhani macho yananidanganya, kwa sababu kumbukumbu ilikuwa inaniandikia majina yaliyokatwa. Hitilafu: sielewi amri “onda”. Hitilafu: sielewi amri “enya”. Hitilafu: sielewi amri “oro”. Hitilafu: sielewi amri “ombe”. Nusu za watu, nusu za nyuma, zikipita mbele yangu. Nilijikuta nikizitamka kwa sauti na kuzitafutia vichwa: Mwang'onda. Mang'enya. Nyang'oro. Wang'ombe. Kumbe walikuwa wengi hivi. Kumbe kila siku walikuwa milangoni.

Sababu yenyewe ilikuwa ndogo, ndogo kiasi cha kuchukiza. Tangu ghala lilipobadilishwa, muda si mrefu kabla sijaja, Ukurasa ukienda kuuliza ghalani hulibeba jina katikati ya vialama viwili, kimoja mwanzoni, kimoja mwishoni, ili ghala lijue jina limeanzia wapi na kuishia wapi. Na kialama hicho ndicho hichohicho cha ng'. Ghala likisoma Mwang, likakutana na kialama, likadhani jina limekwisha. Kilichobaki, onda, halikukijua. Likakichukua kuwa amri, na amri ya namna hiyo haimo duniani. Likashindwa. Likataka kusema. Likanyamazishwa. Ukurasa, usiokuwa na ndiyo wala hapana ya kurudisha, ukarudisha weupe.

Hapakuwa na chuki ndani yake. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilitafuta mkono wa mtu aliyesema hawa wasiingie, sikuuona. Kulikuwa na kutokujua, na juu ya kutokujua kulikuwa na ukimya, na ukimya huo ulifanya kazi yote ambayo chuki ingeifanya, bila kuchoka na bila kulipwa mshahara.

Nilirekebisha. Niliandaa kwanza nafasi ya jina, ghala likaambiwa: hapa litakuja jina, na lolote litakalokuja, liwe na alama yoyote, ni jina, usilitii kama amri. Kisha pale katikati ya mabano matupu niliandika maneno ya kuwekwa kwenye kioo ikiwa kitu kingine kitaharibika siku nyingine: Samahani. Kuna kitu kimeharibika huku kwetu. Tumeshaandika, tunakishughulikia. Si kosa lako. Nilibadilisha neno moja mara kadhaa, nikalirudisha, nikaacha hivyo.

Nikakimbia kwa Sekela. Nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, na mama mkwe wake, bibi mmoja mnene mwenye sauti nzito, akimpepea Anyosisye kwa pepeo la ukili. Anyosisye alikuwa akipumua haraka na kwa kina, na mdomo wake ulinukia matunda yaliyoanza kuoza.

“Dada, mlango unafunguka. Twende.”

Alinitazama kama asiyeelewa, kisha akainuka. Tulikimbia. Mlangoni aliandika kwa haraka mno, akakosea, akafuta, akaandika. Karibu, Sekela Mwang'onda. Mfamasia alikuwa ameshika kisanduku kidogo chenye barafu, akasema, “Hii ya Anyosisye imekaa sana hapa. Nilidhani mmehama.”

Njiani kurudi watu walianza kumwamkia. Yule jirani yake alisimama na ndoo kichwani, akasema, “Mama, habari za tangu juzi?” Sekela alipita bila kuitika. Hakuwa na pumzi ya salamu.

Dawa ilifika Anyosisye akiwa bado anapumua. Bibi alimchoma sindano mwenyewe, maana alishazoea. Tukangoja. Tulipeleka habari kwa mganga wa hospitali, akaja na chupa za maji ya mishipa, akafanya alichoweza. Lakini mwili ulikuwa umeshakwenda mbali, na dawa ikawa kama mtu aliyefika kituoni akaliona gari kwa mgongo. Alifungua macho mara moja. Alimwuliza mkewe, “Walifungua?”

“Walifungua, baba.”

“Nilijua kidole changu hakina shida,” alisema. Hakusema neno jingine baada ya hilo.

Baraza lilikaa upesi kuliko nilivyodhani, kwa sababu kumbukumbu ilikuwa inaandika, na sasa kulikuwa na hesabu. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye miwani, mtu wa haki kwa kiasi alichokijua. Nyuma, kwenye benchi la wananchi, alikaa Sekela katika kaniki ya msiba, na mkwewe kando yake.

“Zamoyoni,” Mwenyekiti alisema, “kabla hujaja, Mji huu haukuwa na kosa hata moja. Tangu ufungue hiki ulichokifungua, yameletwa mbele yetu makosa ambayo hatuwezi kuyamaliza kuyasoma. Tukuelewe vipi?”

“Mheshimiwa, yalikuwapo.”

“Yalikuwapo wapi? Tuonyeshe.”

Sikuweza. Hapo ndipo nilipouelewa ukatili wa jambo lenyewe. Kumbukumbu huandika kuanzia inapofunguliwa, hairudi nyuma. Kosa lililokatazwa kuandikwa halikuwekwa mahali pengine likitungoja. Limepotea kama pumzi. Nilikuwa na makosa ya siku chache, na nyuma yake ukuta.

Sekela aliinuka bila kuitwa. “Mimi sijaja kutaka kitu,” alisema. “Mume wangu tumeshamzika. Nataka Mji useme kwamba alibisha. Maana mtaani wanasema angekwenda mapema. Hata ndugu zake wanasema, ‘Mbona hakwenda?’ Alikwenda. Alikwenda kwa miguu yake. Semeni alikwenda.”

Mwenyekiti alishusha miwani. Alitazama mbele yake, akatafuta, na nikaona kwamba anatafuta kwa moyo safi. “Mama, pole sana. Jina la Anyosisye halimo hapa. Hakuna kinachoonyesha kwamba alifika mlangoni.”

Bibi, mama yake Anyosisye, alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekalia mwiba. Kisha ukumbi ukanyamaza. Nilijua ukimya ule. Nilikuwa nimeuondoa mstari kwa mstari kutoka kwenye msimbo, na sasa umekuja na miguu yake, umeketi kati yetu.

Mzee Mbaruku alisimama. Alisimama taratibu, akishika kiti cha mbele yake.

“Alibisha,” alisema.

“Mzee Mbaruku, una ushahidi?”

“Mimi ndiye ushahidi. Hakuna kilichoandikwa kwa sababu mimi nilizima kisiandikwe. Miaka yote niliyowaambia hakuna makosa, sikuwa nimehesabu. Nilikuwa nimeziba masikio. Mlinipigia makofi, nikayapokea.” Sauti yake ilikuwa ileile ya chini, watu walilazimika kuinama kuisikia. “Mtu huyu alikwenda mlangoni. Aliandika jina alilopewa na baba yake. Mlango ulishindwa, ukataka kusema umeshindwa, mimi nikauziba mdomo. Akarudi nyumbani akidhani kosa ni lake. Andikeni hivyo.”

“Unajua unachokisema?” Mwenyekiti aliuliza. “Unajua hatuwezi kukuacha kwenye kiti chako?”

“Najua.”

“Na kumbukumbu? Tuifunge?”

“Iacheni wazi.” Akafikiri. “Mtapata taabu kulala. Baadaye mtazoea kuamka.”

Baraza lilimwondoa. Liliamua kumbukumbu ibaki wazi, mimi niisome kila siku na kuleta taarifa, na taarifa isibandikwe ukutani. Halikupiga makofi. Ilikuwa sehemu ya haki na sehemu ya woga, kama mambo mengi ya mabaraza, nami niliipokea kwa sababu jana yake hatukuwa nayo hata hiyo.

Nje, jua lilikuwa pale lilipoamua kuwa. Watu walitawanyika. Mzee Mbaruku alisimama chini ya ngazi, hana kiti, hana Nyumba, na hakuna aliyekwenda upande wake. Sekela alimpita. Akaenda mbele kidogo, akasimama, akarudi.

“Mzee,” alisema, “matanga hayajaisha. Ndugu za marehemu wako nyumbani. Mimi wakinisikia wanadhani namtetea mume wangu. Utakuja uwaambie ulivyosema ndani?”

Mzee Mbaruku alitazama ngazi alizoshuka. “Watanifukuza, mama.”

“Huenda. Njoo hivyohivyo.”

Tulikwenda wote wanne, bibi akitangulia. Njia nzima hakumsemesha Mzee Mbaruku wala hakumtazama. Uani kulikuwa na wanaume juu ya mikeka na wanawake wakipakua ndizi na maharage, na tulipoingia mazungumzo yalikatika. Sekela alitaja mgeni ni nani. Kijana mmoja wa ukoo, mdogo wake marehemu, alianza kuinuka na ngumi imekunjwa, na mzee mmoja akamvuta shati.

Mzee Mbaruku alivua viatu. Alikaa mwisho wa mkeka, akaweka mikono magotini, akaanza: “Naitwa Mbaruku. Ndugu yenu alibisha mlango…” Sauti yake ikamkatika hapo, akajaribu tena, ikakatika tena. Watu walikuwa wakimtazama. Nilidhani atainuka aondoke.

Bibi alitoka jikoni na beseni na birika la maji ya uvuguvugu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa mkeka, akainama kwa shida, akaliweka beseni mbele ya Mzee Mbaruku na kusubiri, birika mkononi.

“Nawa, baba,” alisema. “Kula kwanza. Halafu utatueleza tangu mwanzo, polepole, na wa kule nyuma wasikie.”